Vitanda vya Wodi ya Nane

Kabla ya kugusa chuma chochote, Jecinta alinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kipande, akaikausha kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna mtu mwingine katika karakana aliyeruhusiwa kukishika. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hakujipaka mafuta. Viwiko, magoti na vidole vyake vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyeshinda akizoa majivu, na majirani zake wa mtaa wa Mowlem walidhani ameweka nadhiri. Hakuwa na nadhiri yoyote. Kazi yake ilikuwa kupangusa chuma kabla hakijapakwa rangi, na alama ya kidole kimoja chenye mafuta ilitosha kuharibu fremu nzima.

Jumapili alijipaka mpaka akang'aa, akaenda kanisani.

Karakana ilikuwa ya Bwana Muturi, nyuma ya soko la Gikomba, upande unaoteremka mtoni. Kulia kwake kulikuwa na maseremala, na mbele yake akina mama waliouza mashuka na mapazia ya mitumba. Kwa miaka tisa Muturi alipaka rangi kwa brashi, na rangi ya brashi ina huruma. Unaweza kuipaka juu ya kutu, juu ya mafuta, juu ya rangi nyingine nne, nayo ikakuvumilia mwaka mzima kabla ya kukuaibisha. Lakini mwishoni mwa mwaka 1987 kiwanda kimoja kilifungwa, Muturi akanunua mtambo wao wa kupaka rangi ya unga: bomba linalopuliza unga uliotiwa umeme, na oveni kubwa kama chumba cha kulala. Rangi ya unga haina huruma. Chuma lazima kivuliwe kila kitu kilichowahi kuvaa, la sivyo rangi hufanya malengelenge na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Kazi ya kukivua chuma ilikuwa ya Mzee Makokha, mtu wa Kimilili, mpole, mwenye nyusi zilizoliwa na mvuke. Alikuwa na matangi manne yaliyopangwa mstari mmoja. Tangi la kwanza lilikuwa na magadi makali yaliyochemshwa kwa moto wa vipande vya mbao kutoka kwa maseremala. Humo rangi kuukuu ililainika ikachambuka kama maganda ya kitunguu. Tangi la pili lilikuwa la maji. La tatu lilikuwa la asidi, iliyokula kutu. La nne lilikuwa la maji tena. Fremu ilipotoka hapo ilikuja kwa Jecinta, naye aliimwagia kikombe cha maji safi na kutazama. Maji yakitanda juu ya chuma kama shuka lisilo na mkunjo, chuma ni safi. Yakikatika na kujikusanya matonematone, kuna mafuta yamebaki, na fremu inarudi kwa Makokha.

Walipoanza kukivua chuma namna hiyo, kikaanza kusema.

Kilisema katika muda ule mfupi kati ya maji ya mwisho na kukauka. Madirisha ya nyumba moja ya mtaa wa Jericho yalitoa taarifa ya habari ya saa moja, ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Kabati za ofisi zilitoa mlio wa kupiga chapa na kicheko cha mwanamke. Madawati ya shule yalikariri mara saba, yakikosea pale pale kila mara. Chuma kikikauka sauti nayo ilikauka. Kikianza kushika kutu, sauti ilikwaruza. Mzee Makokha alisema kwamba chuma husikia kikiwa kimevaa na husema kikiwa kitupu, na kwamba hata watu wako hivyo. Kisha aliziba masikio yake kwa pamba, kama alivyofanya mashine ya kusaga chuma ilipowashwa, akaendelea na kazi. Bwana Muturi alilalamika mara moja tu, siku wafanyakazi waliposimama kusikiliza mpira wote wa redio kutoka kwenye meza ya baa.

Mwezi wa tatu mwaka 1988 lori lilileta vitanda arobaini vya hospitali.

Vilikuja na karani wa stoo wa hospitali hiyo, Bwana Naftaly Wekulo, mtu nadhifu aliyevaa sweta ya kijani chini ya koti. Alisoma namba zilizogongwa kwenye kichwa cha kila kitanda, moja hadi arobaini, akaweka alama kwenye karatasi. Vyote vilikuwa vya wodi ya nane, ya wanaume na wanawake wenye maradhi ya tumbo na kifua. Mbavu za vitanda zilikuwa zimevaa rangi tano, moja juu ya nyingine, nyeupe, kijivu, krimu, kijani na nyeupe tena, na kutu ilikuwa imepenya zote.

"Nataka viwe krimu," alisema. "Na visirudi na kutu. Vya mara ya mwisho vilirudi na kutu."

"Vya mara ya mwisho vilipakwa brashi," Muturi alimwambia.

Kufikia siku ya pili akina mama wa mitumba walimwomba Muturi afunge lango lake la mabati asubuhi. Wateja wao walikuwa wakigeuka kila mara wakidhani wanaitwa. Vitanda vilikohoa. Viliomba maji kwa Kikamba, kwa Kigikuyu, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Kimoja kilisali rozari yote, kikafika mwisho, kikaanza upya. Lakini neno lililorudi zaidi, kitanda baada ya kitanda, lilikuwa "sista", na baada yake, "mlango".

Siku ya tatu, saa nne kasoro, Makokha alitoa kitanda namba kumi na nne. Jecinta alikimwagia maji. Yakatanda vizuri. Akachukua kitambaa.

"Sista," chuma kilisema. "Sista, natapika damu tena."

Jecinta aliacha kupangusa. Ilikuwa sauti ya mume wake, Wanyoike, mkata nyama wa soko la Burma, aliyefariki mwezi wa sita mwaka 1985.

"Sista. Tafadhali fungueni huo mlango."

Sauti nyingine ikajibu kutoka mbali kidogo, jinsi mtu anavyosikika akiwa kitanda cha jirani. "Wamefunga kwa nje, ndugu. Ufunguo huenda nyumbani na sista mkuu. Buru Buru."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Sijui. Bado mapema."

Kisha kikombe cha bati kikaanza kugongwa mahali fulani, kikagongwa kwa muda mrefu. Wanyoike alipumua kwa shida. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndugu, ukitoka hapa mwambie mke wangu asiuze cherehani. Anaitwa Jecinta, yuko Mowlem. Watamshauri auze. Asiuze."

"Nitamwambia. Na wewe ukitangulia kutoka, mwambie mama yangu nilimeza dawa zote. Mimi ni Phares. Mama yangu ni Adoyo, Makongeni, nyumba za reli, laini ya tatu."

"Adoyo. Laini ya tatu."

"Eeh."

Maji yalikuwa yamekauka juu na yalikuwa yakimalizikia miguuni mwa kitanda. Sauti zikaisha pamoja nayo. Kwenye kiungo kimoja kilichochomelewa, rangi ya chungwa ilikuwa imeanza kuchipuka.

Jecinta aliiangalia saa ya ukutani kwa sababu ilikuwa mbele yake. Asubuhi ile mwaka 1985 mlangoni mwa wodi, sista aliyevaa mkanda mwekundu alikuwa amemshika bega akamwambia, "Alilala tu, mama. Hakuamka. Hakusumbuka hata kidogo." Maneno hayo aliyabeba mpaka nyumbani akawapa watoto. Akayabeba mpaka Murang'a akampa mama mkwe, na mhubiri akayatumia makaburini. Cherehani aliiuza wiki ya pili baada ya mazishi, kwa mwanamke wa Kariobangi, na kila mtu alimwambia amefanya vizuri.

Akaenda kwa Makokha, akamgusa mkono. Makokha akatoa pamba sikio moja.

"Yule ni mume wangu, Baba Waruguru," Jecinta alisema.

"Yupi?"

"Kumi na nne."

Makokha alitazama kitanda, kisha akamtazama yeye. "Pole sana, Mama Waruguru." Halafu akasema, kwa sababu ilikuwa lazima aseme, "Kimeanza kushika kutu. Nikirudishe?"

"Ukikirudisha atapotea?"

"Hapana. Asidi haimtoi. Rangi tu ndiyo inamfunga." Akafikiria. "Naweza kuitoa hiyo kutu, kisha nikilaze kwenye maji ya magadi baridi. Chuma hakishiki kutu kikilala humo. Kitakaa hata wiki. Ukitaka aseme, tunakitoa."

"Na kumi na tano, usikipeleke mbele."

"Kumi na tano pia?"

"Huyo ndiye jirani yake."

Jumapili, baada ya kanisa, Jecinta alikwenda Makongeni akiwa amejipaka mafuta. Laini ya tatu aliipata bila shida. Phelister Adoyo alikuwa ameketi mlangoni, mjane mnene wa mfanyakazi wa reli, akichambua mboga ndani ya ungo. Jecinta alimwamkia, akasubiri kupewa kiti, akapewa.

"Mama, mimi naitwa Jecinta. Nimetumwa na Phares."

"Phares alikufa," Adoyo alisema.

"Ndiyo, mama. Alinituma siku ile. Ujumbe umechelewa kunifikia."

Adoyo aliendelea kuchambua. "Anasemaje?"

"Anasema alimeza dawa zote."

Mama yule alichukua shina la mboga, akanyofoa majani yake moja moja, akaliweka kando. Akachukua jingine. Alifanya hivyo mpaka mboga ya ungoni ikaisha.

"Waliniambia alizitema," Adoyo alisema mwishowe. "Waliniambia ni mkaidi, alikataa dawa, ndiyo maana kifua kilimziba. Na nikaamini, kwa sababu alikuwa mkaidi tangu mdogo. Miaka mitatu nimemkasirikia mtoto wangu. Hata kaburini sikupalilia, niliwaachia wengine." Akasimama na ungo wake. "Yuko wapi?"

"Gikomba. Kwenye karakana."

"Kesho nitakuja. Sasa kunywa chai."

Alikuja Jumatatu na kigoda chake mwenyewe. Makokha alimwekea mahali pasipofikiwa na mvuke, kisha yeye na mwenzake mmoja wakakinyanyua kitanda namba kumi na tano kutoka kwenye magadi, wakakisuuza, wakakisimamisha. Phares hakusema mengi. Zaidi aligonga. Alikuwa amekaa kitandani akigongea mlango usiofunguka, kikombe cha bati juu ya chuma, ngo, ngo, ngo, na kila pigo lilipotoka, maji katika matangi yote manne yalitikisika kidogo. Aligonga kwa ajili ya Wanyoike. Kati ya mapigo alisikika akimwambia, "Nipo, ndugu. Nagonga." Baadaye kifua chake mwenyewe kilianza kupiga filimbi. Mapigo yakawa ya polepole, yakaachana, na hapo kitanda kikakauka.

"Mrudishe ndani ya maji," Adoyo alisema. "Nitamsikiliza tena kesho."

Alikuja kila siku wiki ile. Alileta chai kwenye chupa, akawamiminia wote, hata Bwana Muturi. Siku ya Jumatano alimwambia Muturi kwamba anataka kukipeleka kitanda kwao Ugenya, akizike kando ya kaburi.

"Mama, hiki ni kitanda cha hospitali," Muturi alisema. "Kina namba."

"Na mtoto wangu hakuwa na namba?"

"Alikuwa nayo, mama. Lakini kitanda kikipotea, kuna mtu anashtakiwa."

Adoyo alilifikiria jambo hilo akaona ni kweli. Hakulirudia.

Jecinta hakutaka kitanda. Alitaka kisikilizwe na mtu wa hospitali. Muturi hakupenda, kwa kuwa vitanda thelathini na vinane vilikuwa tayari vimetoka kwenye oveni, vimefungwa magazeti, na viwili tu ndivyo vilivyoshikilia lori. Hata hivyo aliandika barua, na Alhamisi Bwana Naftaly Wekulo akaja na karatasi zake. Aliamkiana na Makokha kwa lugha ya kwao. Akasimama mbele ya vitanda viwili vinavyochuruzika maji, kalamu mkononi, akasikiliza kimoja mpaka mwisho, kisha cha pili mpaka mwisho. Hakukatiza. Pale kikombe kilipoanza kugonga alishusha macho.

Vilipokauka alipitisha kidole kwenye viungo, akaandika, akisema kwa sauti ndogo anachoandika. "Kumi na nne, hakina kutu. Kumi na tano, hakina kutu."

"Umesikia, Bwana Naftaly?" Jecinta alimwuliza.

"Nimesikia, mama."

"Basi andika."

"Fomu hii ni ya vitanda." Aliisogeza ili aione. Kulikuwa na safu ya kutu, ya mikwaruzo na ya magurudumu. "Hakuna mahali pa sauti."

"Walituambia uongo," Adoyo alisema kutoka kwenye kigoda. "Mimi waliniambia alitema. Huyu walimwambia mumewe alilala."

"Hiyo ndiyo huwa inasemwa," Naftaly alisema. Hakusema kwa kiburi. "Kila asubuhi mlango ukifunguliwa wanahesabu waliolala. Waliolala kabisa na waliolala kidogo."

"Kwa nini wanafunga?" Jecinta aliuliza.

"Mwaka themanini na tatu mablanketi yaliibwa. Mablanketi sitini katika mwezi mmoja. Wakaamua wodi zifungwe saa mbili za usiku, na ufunguo ukae na mtu mmoja wa kuaminika. Na kweli, tangu hapo hatujapoteza hata blanketi moja."

Jecinta alikunja kitambaa chake cheupe mara mbili. Alikuwa na swali moja tu lililobaki, na aliliuliza polepole ili apate jibu lake. "Na ufunguo bado unaenda Buru Buru?"

Naftaly alifunika kalamu. "Hapana, mama. Sista mkuu alihama. Siku hizi unaenda Donholm."

Makokha, aliyekuwa amesimama na pamba mkononi, aliirudisha masikioni.

Naftaly alikusanya karatasi zake, akamshukuru Adoyo kwa chai. Langoni aligeuka, akamwita Jecinta kando.

"Thelathini na moja," alisema. "Kilisema nini?"

Jecinta alijaribu kukumbuka. "Kilikuwa cha mama mzee. Aliimba."

"Aliimba?"

"Wimbo wa tenzi. Hakujua maneno ya katikati, alikuwa anayavuta tu kwa pua."

"Basi ni shangazi yangu," Naftaly alisema. Akaegemea lango kidogo, kama mtu anayetoa jiwe kiatuni, kisha akaenda zake.

Siku iliyofuata Jecinta na Adoyo walikwenda hospitalini, ofisi ya ghorofa ya pili. Waliambiwa walete maneno hayo kwa maandishi. Wakayaandika yote, pamoja na mapigo ya kikombe, wakayarudisha. Mtu wa pale aliyasoma kwa makini, akasema malalamiko yameeleweka, isipokuwa yanahitaji sahihi ya waliosema. Wakarudi Gikomba kwa miguu. Adoyo alikuwa na viatu vipya vilivyombana.

Muturi aliwangoja mpaka saa tisa. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. "Mkitaka, wasikilizeni mara moja ya mwisho," alisema. "Lakini leo vinaingia."

Adoyo aliuliza kama anaweza kumgusa mtoto wake. Jecinta alimpa sabuni. Akanawa mara tatu, akakausha mikono kwa kitambaa kile cheupe, cha Jecinta, akaweka viganja vyote viwili juu ya chuma chenye maji. Phares akagonga chini ya mikono yake. Adoyo alimwambia kwa Kijaluo kwamba amesikia, na kwamba atapalilia.

Jecinta alisimama mbele ya namba kumi na nne. Alisubiri mpaka mume wake amalize habari ya cherehani.

"Niliiuza, Baba Waruguru," akasema.

Makokha alikuwa nyuma yake. "Hakisikii sasa," akamwambia kwa upole. "Sasa kinasema. Kitasikia kikishavaa."

"Najua," Jecinta alisema. Hata hivyo aliirudia.

Kisha akafanya kazi yake. Alikipangusa kitanda kutoka kichwani hadi miguuni, ndani ya kila kona, chini ya kila ubavu, pale ambapo wapangusaji wengine hawafiki na ambapo kutu huanzia. Alikipangusa kuliko fremu yoyote aliyowahi kupangusa. Hangeweza kukipangusa vibaya. Mikono yake haikujua namna hiyo. Alipomaliza alipitisha kitambaa mara ya mwisho, akakigeuza kwenye mwanga, na kitambaa kilikuwa cheupe. Wakakitundika kwenye kulabu. Muturi akafungua bomba, na unga wa krimu ukakirukia chuma wenyewe, kama nzi wanavyorukia kidonda, ukakizunguka mpaka nyuma ambako bomba halikuelekezwa. Wakakisukuma ndani ya oveni pamoja na mwenzake.

Kwa dakika kama sita, ingawa chuma kilikuwa kikavu, walisikia bado, kupitia mlango wa oveni, mtu akiuliza saa ngapi. Joto lilipopanda sauti ikanyamaza. Dakika ya ishirini Muturi alifungua, na vitanda vilikuwa laini, vinang'aa, bila tone wala doa. Hata yeye, asiyependa kusifu, alisema havijawahi kutoka vizuri namna ile.

Lori likavichukua vyote arobaini.

Adoyo alikwenda Ugenya mwezi wa nne, mvua ilipoanza, akakaa huko. Jecinta aliendelea na kazi. Walipata milango ya benki, ambayo haikusema lolote la maana, na baiskeli za posta, ambazo zilipumua tu.

Mwezi wa tano, Jumamosi moja alasiri, alikwenda hospitalini saa ya kuona wagonjwa. Hakuwa na mgonjwa. Alinunua machungwa manne nje ya geti kwa kuwa haipendezi kuingia wodini mikono mitupu. Wodi ya nane ilikuwa na mlango mmoja wa mbao nzito, na kitasa chake kilikuwa kipya. Alipita katikati ya vitanda vya krimu akisoma namba.

Kwenye kumi na nne alilala mwanamume wa miaka thelathini hivi, dereva wa lori, ametobolewa mkono kwa sindano ya maji. Alisema anaitwa Aden, na kwamba tumbo lilimshikia barabarani. Watu wake walikuwa Isiolo na hawakuwa wamepata habari. Alidhani Jecinta ni mmoja wa wanawake wa kanisa wanaotembelea wagonjwa, na hakujali, alimpisha aketi.

Jecinta alimenya chungwa akampa. Akafuta vidole vizuri, halafu akapitisha kidole gumba kwenye ubavu wa kitanda, chini, pale kwenye kiungo. Hapakuwa na ufa. Hapakuwa na lengelenge hata moja. Aliinama karibu na chuma, akasema neno moja au mawili ambayo Aden hakuyasikia, akainuka.

"Usiku wanafunga hapa," alimwambia.

"Nimeona. Jana kuna mzee aliita sana." Aden alitazama kitanda cha pili, ambacho kilikuwa kimetandikwa shuka safi. "Asubuhi walisema alilala."

"Ukizidiwa usiku, ita. Usione haya. Lakini kabla hujaita, sema jina lako. Jina lako, na la mama yako, na pale mnapokaa. Useme waziwazi. Ukiwa na neno la kumwambia mtu, liseme pia, na umtaje."

"Nimwambie nani? Hakuna mtu."

"Useme tu ukiwa umelala hapo."

Aden alitafuna chungwa akafikiri. Hakuonekana kuona ajabu. Alikuwa dereva wa masafa marefu na alikuwa ameshapewa maagizo mengi barabarani. "Watasikia?"

"Watasikia."

"Lini?"

Jecinta alikitazama kitanda tena. Alikijua kila kona. Alijua kilivyosafishwa, alivyokipangusa mwenyewe, na jinsi rangi ilivyoshika kila mahali bila kuacha upenyo wa kuingiza unyevu, na hakuweza kumdanganya mgonjwa.

"Miaka kumi," alisema. "Labda kumi na miwili."

Kengele ya kuwatoa wageni ililia. Sista alisimama mlangoni akiwa ameshika ufunguo, akiwangoja bila haraka, na watu wakaanza kuaga. Jecinta aliyaacha machungwa matatu juu ya kabati. Aden alikuwa amejigeuza ubavu, mdomo wake karibu na chuma.

"Mimi ni Aden," alikuwa akijaribu, kwa sauti ya chini. "Mama yangu ni Shamis. Isiolo, Bulapesa."

"Polepole zaidi," Jecinta alimwambia. "Jina la mama lisikike."

Aden akalirudia, naye Jecinta akasimama pale akimsikiliza mpaka aliporidhika.